Kabla Hujatupa Spika, Fuata Waya Hasi

Siku hizi pikipiki nyingi zinazopandisha abiria hapa Arusha, kutoka Sanawari kuingia Sekei na kuendelea hadi Ilboru zina muziki. Boxer au TVS ya biashara kwa kawaida hutoka dukani bila redio. Muziki hufungwa baadaye na fundi: spika mbili, amplifaya ndogo, na kibao cha kusomea flashi na kupokea Bluetooth. Mwanzoni unapiga safi. Baada ya muda, ukivuta mafuta, chini ya wimbo unasikika mlio mwembamba unaopanda na injini, au mkwaruzo, au tiki-tiki isiyokoma. Mwenye pikipiki anaambiwa spika zimekufa, anunue nyingine. Ananunua, anafunga, na kelele ziko pale pale. Jambo hili linaniuma, maana pesa hiyo imetoka kwenye hesabu ya siku, na mara nyingi spika haikuwa na kosa lolote. Spika iko mwisho wa mstari na hutoa kila inacholetewa, kizuri na kibaya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya masikio. Injini ikiwa imezimwa, washa muziki bila kuweka wimbo, uongeze sauti, usikilize. Kisha piga kiki au stata, iache injini iungurume yenyewe, halafu vuta mafuta taratibu. Kelele iliyokuwepo hata injini ikiwa imezimwa haitokani na injini: ama ni vifaa vya muziki vyenyewe, ama ni viungio vyake, ama ni chaja iliyounganishwa hapo. Kelele inayoanza na injini na kupanda nayo inatoka kwenye umeme wa kuchaji. Kelele ya tiki-tiki inayokwenda na mapigo ya injini inatoka kwenye plagi na koili yake. Inayokuja tu unapopita kwenye shimo ni waya uliolegea. Dakika chache za kusikiliza hivi zinaokoa mchana mzima wa kubadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Huo mlio mwembamba ndio malalamiko makubwa, na inafaa kuelewa unavyozaliwa. Ndani ya injini kuna sumaku inayozunguka pamoja na krenki, na kandokando yake koili za waya. Umeme unaotoka hapo ni wa kwenda na kurudi. Rektifaya huugeuza uwe wa upande mmoja, lakini unabaki na mawimbi juu yake, na betri ndiyo hasa inayoyalainisha. Chukua sumaku yenye ncha nane: kila mzunguko inatoa mawimbi manne. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, hayo ni mawimbi 200 kwa sekunde, na rektifaya inayotumia pande zote mbili za wimbi huyafanya 400. Sikio linasikia 400 vizuri kabisa. Panda hadi 6,000, inakuwa 800. Ndiyo maana mlio unapanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Betri ya pikipiki ni ndogo, na ikichoka hailainishi tena kitu.

Lakini betri nzima nayo haitoshi kama waya hasi umefungwa vibaya, na hapa ndipo nataka msomaji wangu akae kidogo.

Mafundi wengi huchukua chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa uangalifu na fyuzi, kisha hasi wakaibana kwenye boliti yoyote iliyo karibu, kwa hoja kwamba fremu yote ni hasi. Ni kweli fremu ni hasi, ila boliti hiyo imekaa juu ya rangi, chini ya rangi kuna kutu, na umeme wa taa, honi, indiketa na CDI (kifaa kinachowasha plagi) unarudi kwenye betri kwa kupitia chuma hichohicho. Ni kama nyumba nne zinazotumia bomba moja jembamba: jirani akifungua maji, kwako yanapungua. Tufanye hesabu. Kiungio chenye kutu kina ukinzani wa omu 0.1, kitu kidogo ambacho mita ya bei ya chini haikioni. Amplifaya ikivuta ampea 4, kwenye kiungio hicho inapotea volti 0.4. Sasa sauti yenyewe, inayotoka kwenye simu au kibao cha flashi kwenda kwenye amplifaya, haifiki hata volti moja. Kelele ya volti 0.4 ikipata njia ya kujichanganya na sauti ya ukubwa huo, amplifaya haitazitenganisha. Itazikuza zote mbili.

Na njia inapatikana kirahisi. Dereva anachaji simu kwenye pikipiki, na simu hiyohiyo ameiunganisha na amplifaya kwa waya wa sauti. Sasa hasi ya simu inafika kwenye betri kwa njia mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti na amplifaya. Tofauti yoyote ya volti kati ya njia hizo inasukuma umeme ndani ya waya wa sauti, na umeme huo ndio mlio unaousikia. Kipimo chake hakina gharama: chomoa chaja huku muziki unapiga. Mlio ukikata papo hapo, umempata mwizi bila kugusa skrubu.

Niliwahi kuiangalia Boxer ya namna hii kijiweni. Mwenyewe alikuja na neno moja, "Fundi, spika zimekufa hizi." Tulipochomoa chaja mlio ulipungua, haukuisha. Boliti ya hasi ilikuwa kwenye mkono wa chuma unaoshikilia taa ya mbele, na chini ya washa palikuwa na rangi nyeusi nzima, haijakwanguliwa hata kidogo. Umeme ulikuwa ukipita kwenye nyuzi za boliti tu. Tulipiga msasa hadi chuma kikang'aa, mlio ukashuka. Tulipoiondoa kabisa pale, tukavuta waya mnene kutoka hasi ya amplifaya hadi kwenye terminali ya betri, na hasi ya chaja tukaileta hapohapo, kukawa kimya. Spika zilikuwa zilezile.

Mwenye mita anaweza kulithibitisha jambo hili kwa namba. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha chini. Ncha moja kwenye hasi ya amplifaya, nyingine kwenye terminali hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, kuna kiungio kinachokula umeme, kitafute. Kisha pima betri yenyewe. Iliyojaa na kupumzika, injini imezimwa, isome karibu 12.6; ukivuta mafuta ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kazi. Achana na muziki kwanza, maana betri itachemka na taa zitaungua. Isipopanda kabisa, betri haichajiwi. Tahadhari moja kwa wanaotaka kupima mawimbi kwa upande wa AC: mita nyingi za bei nafuu, hasa zile za manjano zinazouzwa kila duka la umeme, zikiwekwa AC kwenye betri husoma volti 27 hivi, na ukigeuza ncha zinasoma sifuri. Betri haina kosa. Mita hizo hazina kapasita ya kuzuia DC. Usifukuze tatizo ambalo halipo.

Bado unasikia mlio baada ya hapo? Azima betri nyingine ya volti 12, hata ile ya kengele ya ulinzi, uendeshe amplifaya kwa hiyo pekee, bila waya wowote kugusa umeme wa pikipiki, simu ikiwa haichajiwi, na injini ikinguruma. Kukiwa kimya, kelele zinapita kwenye nyaya za umeme, na sasa ndiyo saa ya kununua kichujio: koili nene kwenye waya chanya na kapasita ya maikrofaradi 2,200 au zaidi, ya volti 25, kati ya chanya na hasi karibu kabisa na amplifaya. Kama kelele zinakuja na waya wa sauti na huwezi kuacha kuchaji simu, kuna kifaa kidogo chenye transfoma mbili za sauti, moja kwa kila upande. Kinafanya kazi kwa kanuni ileile ya transfoma kubwa za umeme zinazotengenezwa na Tanelec hapa hapa Arusha: nguvu inavuka kwa usumaku, waya kwa waya haugusani, na mzunguko ule wa hasi unakatika. Hupunguza besi kidogo. Wanaotumia kibao cha Bluetooth kilichopachikwa ndani ya boksi la amplifaya, wakikutana na mlio huohuo, wanahitaji kigeuza umeme cha volti 5 ambacho hasi yake ya kuingia na ya kutoka zimetenganishwa. Cha kawaida hakisaidii.

Ikiwa betri ya kuazima haikuleta kimya, kelele zinakuja kwa hewa, na hapo mtuhumiwa ni plagi. Mwaka 1887 Heinrich Hertz, kule Ujerumani, alitumia cheche kati ya vyuma viwili kurusha mawimbi ya redio. Plagi yako inafanya jambo lilelile kila injini inapochoma. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana kuna plagi zenye ukinzani ndani, kwa kawaida omu 5,000 hivi. Kwenye NGK utaona herufi R katikati ya namba. Ikiwa kofia ya plagi imebadilishwa ikawekwa isiyo na ukinzani, au waya wa plagi umepasuka, tiki-tiki haitaisha hata uweke vichujio vitatu. Rudisha vifaa sahihi. Kisha sogeza nyaya za muziki mbali na koili ya plagi. Zikilazimika kukutana, zikatize msalaba, zisilale pamoja. Na nyaya mbili za kila spika zisokote. Mbinu hiyo Alexander Graham Bell aliichukulia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu, na bado inafanya kazi.

Taa za LED za bei ya chini nazo hurusha kelele, pamoja na chaja zenyewe. Zizime moja moja, usikilize.

Mkwaruzo ni habari nyingine. Barabara zetu za kupanda zina vumbi laini wakati wa kiangazi, na masika, kati ya Machi na Mei, matope yanafika hadi chini ya tenki. Vumbi likiingia kwenye mwanya wa sumaku ya spika, koili inasugua. Sukuma koni kwa vidole, pande zote kwa usawa, taratibu: ukihisi au kusikia msuguano, spika hiyo kweli imekwisha. Isiposugua, pima ukinzani wake. Spika ya omu 4 isome kati ya 3 na 4. Jiwe la redio la volti 1.5 likiguswa kwenye ncha zake linatakiwa kutoa tiki safi. Spika ikifaulu majaribio yote na bado muziki unakwaruza sauti ikiwa juu, amplifaya imeishiwa nguvu. Boksi lake limeandikwa wati 500, lakini fyuzi yake ni ya ampea 5. Volti 12 mara ampea 5 ni wati 60, na hakuna boksi linaloweza kutoa zaidi ya linachopokea. Punguza sauti ya amplifaya, upandishe ya simu. Mvumo wa "shhh" nao utapungua kwa hilohilo.

Wanaosikiliza redio wajue jambo moja la hapa kwetu. Mawimbi ya FM, ya megahezi 88 hadi 108, husafiri kwa mstari ulionyooka karibu kama mwanga, na Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500 umesimama nyuma yetu. Stesheni inayovuma pale Sanawari inaweza kukwaruza ukishuka bondeni kwenye mto, kisha ikarudi ukipanda ng'ambo. Ukiona hivyo huku injini imezimwa, usifungue kitu. Nyosha waya wa antena, uutoe nyuma ya chuma cha taa, uelekee juu, na uwe na urefu wa sentimita 75 hivi, ambayo ni robo ya wimbi kwa masafa hayo.

Na popote utakapofunga, fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya. Waya chanya ukichubuka katikati na kugusa fremu, fyuzi iliyo mwisho wa njia haitakata chochote, na waya huo unapita chini ya tenki la petroli.