Hoja ya Njia Panda ya Segera

Ukitokea Chalinze, ukifika Segera barabara inagawanyika: kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe, Mombo, Moshi na Arusha. Basi halijasimama sawasawa, machungwa yameshafika dirishani. Sasa ile barabara ya pwani, ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, inajengwa kwa lami, na mtu anaweza kutoa hoja hii:

“Barabara ya pwani itafupisha safari ya Dar es Salaam na Tanga. Kwa hiyo wachuuzi wa Segera watapoteza wateja wao wengi.”

Amechukulia nini bila kukisema? Maswali ya namna hii yamejaa kwenye LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, ambao tangu Agosti 2024 uliacha mafumbo ya kupanga watu na vitu na kuongeza sehemu ya pili ya kuchambua hoja. Tuseme mtahiniwa amepewa majibu matatu:

A. Machungwa ya Segera ni nafuu kuliko ya Tanga mjini.
B. Wateja wengi wa wachuuzi wa Segera ni wasafiri wa njia ya Dar na Tanga.
C. Barabara ya pwani ikikamilika, hakuna hata msafiri mmoja wa Tanga atakayepita Segera.

A huenda ni kweli, lakini haituhusu. Swali haliulizi lipi ni kweli. Linaulizia kipande ambacho bila hicho hoja haiwezi kusimama. Wengi huangukia C, kwa sababu ina sauti ya kuiunga mkono hoja.

Dawa ni kulikanusha kila jibu, kisha kuitazama hoja. Kanusha C: yupo msafiri mmoja wa Tanga atakayeendelea kupita Segera. Basi apite, mchuuzi atauza kifuko kimoja, hoja haijatikisika. Kanusha B: wateja wengi si wa njia hiyo, tuseme ni wale wa Moshi na Arusha, ambao barabara ya pwani haiwahusu. Hapo hata wa Tanga wakihama wote, wateja wengi wamebaki palepale. Hoja imeanguka, na jibu ni B. Maneno kama “hata mmoja”, “wote” na “kamwe” yaweke kizuizini kwanza. Mara nyingi yanadai zaidi ya kile hoja inachohitaji.

B si pengo pekee. Mtoa hoja ameruka kutoka ufupi wa barabara hadi uamuzi wa msafiri, kana kwamba abiria ndiye anayeshika usukani. Basi la abiria hufuata njia iliyoandikwa kwenye leseni yake ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kanusha dhana kwamba mabasi yatahama, useme mabasi ya Tanga yatabaki kwenye njia ya Chalinze, halafu uone hoja inabaki na nini.