Mtoto ameuzwa Ulaya, kartiye imepata nini?



Mwezi wa 7 mwaka 2025, wakati Barcelona walitangaza kama jina la inchi yetu litakaa mgongoni mwa nguo zao za mazoezi, simu yangu haikulala. Miaka 4, zaidi ya milioni 40 za euro. Mbele ya pale Leta ilikuwa imekwisha kupatana na Monaco na AC Milan. Rwanda walikuwa wametutangulia mu njia hiyo, na Arsenal mwaka 2018, na wengi kwetu wakasema: sasa na sisi tutaonekana. Wengine wakajibu: makuta ile ingejenga stadi ngapi huku? Walibishana mpaka usiku. Mimi nilinyamaza, juu niko na deni yangu mwenyewe mu mambo ya mpira. Nitaisema hapa chini.

Tuanze mbali kidogo, juu urafiki wa Leta na mpira haukuzaliwa jana.

Sisi wa Lubumbashi tunajua Mazembe tangu tumboni. Lakini nani aliizaa? Mwaka 1939, mu Élisabethville ya Wabelgiji, mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface njo walianzisha timu kwa ajili ya wanafunzi wao, wakaiita Saint-Georges. Kisha ikaja Englebert, kampuni ya Ubelgiji ya kutengeneza mipira ya magari, ikasaidia timu, na timu ikabeba jina lake. Kwa hiyo bingwa wa Afrika wa 1967 na 1968 aliitwa kwa jina la mpira wa gari! "Tout Puissant" waliipata mwaka 1966, walipokuwa mabingwa wa inchi bila kupigwa hata mechi moja. Siku za otantisite majina ya kigeni yakaanguka: inchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, Englebert ikawa Mazembe. Union Minière nayo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Leta mwaka 1967.

Majina yanageuka, lakini timu inabaki chini ya mkono wa mtu: mapadri, kampuni, Leta, na tangu 1997 Moïse Katumbi, mfanyabiashara ambaye alikuwa pia gavana wa Katanga kuanzia 2007 mpaka 2015. Sisemi kwa kumcheka. Mu wakati wake Mazembe ilichukua Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, ikajenga stadi yake Kamalondo, na tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 2010 ikacheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi. Hakuna timu ya Afrika iliyofika pale mbele yake. Inter walitupiga 3-0 na mji ulicheza ngoma vilevile. Nilikuwa mtoto, nilirudi kwa nyumba bila kiatu kimoja, mama akanipokea na fimbo. Lakini timu inayoishi kwa mfuko wa mtu mmoja inaishi pia kwa siasa yake, na hiyo kila mtu huku anaijua bila kufundishwa.

Na timu ya taifa? Mwaka 1974 Léopards walichukua kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alitia magoli 9, na mpaka leo hakuna mwingine aliyefikisha hayo mu shindano moja. Mobutu alikuwa amewapa wachezaji nyumba na gari juu ya kuingia mu Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika kule. Kufika Ujerumani, Scotland 2-0. Kisha wachezaji wakasikia kama makuta yao haitawafikia, wakataka kukataa kucheza. Yugoslavia 9-0. Siku ya Brazil, ile 3-0, Mwepu Ilunga wa Mazembe alitoka mu ukuta akapiga mpira ambao haukuwa wake, na dunia ikacheka kusema Waafrika hawajui sheria. Alijua vizuri sana. Alieleza baadaye kama walikuwa wametishwa, na kama ile ilikuwa hasira.

Jambo moja la wakati ule watu wanalisahau: Leta haikutaka wachezaji wazuri watoke inchi. Mchezaji alikuwa kama shaba, mali ya taifa. Sasa kama mchezaji hauzwi, ile timu ndogo iliyomlea haiwezi kudai kitu. Ilizoea kuomba: leo mipira miwili kwa meya, kesho jezi kwa depite wakati wa kampanye. Mazoea hayo hayajatoka mu damu yetu, na leo biashara imegeuka kabisa.

Sheria ya FIFA iko wazi. Mchezaji anapouzwa kutoka timu ya inchi moja kwenda ya inchi ingine mbele kontra yake iishe, asilimia 5 ya bei inatengwa kwa timu zote zilizomfundisha kuanzia miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unahesabiwa asilimia 0,25 ya bei. Kila mwaka kati ya 16 na 23, asilimia 0,5. Tupige hesabu. Mtoto alikaa kwenu miaka mitatu, 13, 14 na 15. Akiuzwa milioni 10 za euro, timu yenu ya vumbi, isiyo na hata choo, iko na haki ya euro 75.000. Akiuzwa tena, mnalipwa tena. Mbali na hiyo kuna malipo ingine ya malezi, pale anasaini kontra yake ya kwanza ya profesioneli.

Mbwana Samatta mnamkumbuka. Alitoka Simba ya Tanzania mwaka 2011, akakaa Mazembe mpaka mwezi wa 1 mwaka 2016, akaenda Genk. Mwaka 2020 Genk wakamuuza Aston Villa. Mu mauzo ile ya Wabelgiji na Waingereza, sheria iliwapa haki watu wa Lubumbashi na wa Dar es Salaam pia.

Kinacholeta hayo makuta ni karatasi. Tangu mwisho wa 2022 FIFA iko na ofisi ya malipo kule Paris, na inatazama "paspoti" ya mchezaji: aliandikishwa wapi, tarehe gani mpaka tarehe gani. Timu ambayo haiko mu maandishi ya shirikisho, kwao haijawahi kuwa. Sehemu yake inaweza kuishia kwa shirikisho lenyewe.

Sasa deni yangu. Nilipokuwa mwaka wa pili wa agronomi, nilikuwa sekretari wa timu ya avenyu yetu. Kulikuwa mtoto mmoja, mguu wa kushoto, tulimlisha, tulimlipia masomo kwa mchango. Misimu miwili mfululizo sikuandikisha timu kwa entente, juu makuta ya kuandikisha tulinunua viatu. Kila mtu alikubali, hata mimi. Mtoto akachukuliwa na timu kubwa, akatoka inchi, na mwaka jana akauzwa kule aliko. Papa kochi wetu alikuja kwangu na picha tatu za timu mu mfuko wa plastiki. "Mwanangu, weye uko na lisansi," aliniambia, "andikia bale bazungu barua."

Nilikuwa nayo, lisansi ya univerisite. Ya mtoto, ile kadi ndogo yenye picha na tarehe, hakukuwa. Na mu kabati yangu kulikuwa kaye ya majaribio yangu ya mahindi ya mwaka uleule: tarehe ya kupanda, mvua, mbolea, kila mustari na namba yake. Mahindi yale panya walimaliza.

Sisi wa chama tuko karibu wote na timu moja kwa avenyu. Muulize sekretari wake maneno manne tu: timu imeandikishwa msimu huu? Kila mtoto wa miaka 12 kwenda juu ako na lisansi? Jina lake limeandikwa sawasawa na ile ya karatasi ya kuzaliwa? Kopi iko wapi, nje ya nyumba ya prezida? Kama hakuna sekretari, muchukue ile kazi.

Mimi nimeirudilia mwezi wa 9. Tuko na watoto 31 mu kaye, 22 wako na lisansi. Tisa waliobaki, kwa wanne tunangoja karatasi ya kuzaliwa.