Kumuaga bi harusi ufukweni bila kugusa mtaji

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp usiku, maduka yakishafungwa: mwenzetu anaolewa, tumpeleke ufukweni siku mbili tatu tumuage. Muda si mrefu zinafuata picha za hoteli kubwa za Diani na Zanzibar, zenye mabwawa ya kuogelea na vitanda vilivyopambwa kwa maua. Wawili wanashangilia. Mmoja anauliza bei. Wengine wanasoma na kunyamaza.

Waliokaa kimya wanapiga hesabu. Kwa mwanamke anayevusha bidhaa kati ya Tanga na Mombasa, fedha ya sherehe na fedha ya mzigo hukaa kwenye simu moja. Akichanga kwa kuona haya, wiki inayofuata anakosa mzigo, na akikosa mzigo, mteja anahamia kwa mwingine. Asipochanga, anatuma ujumbe kwamba anaumwa, na rafiki yake anaagwa bila yeye.

Kumuaga mwali si jambo geni Pwani. Kuna kusingwa kwa liwa, kuna usiku wa hina, kuna somo anayekaa na bi harusi na kumfunda. Bara kuna kichen pati, ambako vyombo na maneno ya wosia hutolewa siku moja. Kilicho kipya ni safari: marafiki kuondoka pamoja, kulala nje ya nyumbani na kugawana gharama. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu kundi huanza na hoteli kabla halijajua lina shilingi ngapi.

Mfanyabiashara hapangi mzigo namna hiyo. Huanza na fedha aliyonayo, kisha hutafuta bidhaa inayolingana nayo. Safari ya kumuaga bi harusi nayo ipangwe vivyo hivyo.

Kiwango kiwekwe na mwenye kidogo

Chukua mfano wa wanawake sita, watatu wa Mombasa na watatu wa Tanga, waliozoeana kwa biashara ya mpakani. Mmoja anaolewa. Kabla ya kutaja mji wowote, mtu mmoja anayeaminiwa, yule ambaye kwenye upatu huitwa kijumbe, anampigia kila mmoja simu faraghani na kumuuliza swali moja: bila kugusa fedha ya mzigo, unaweza kuweka kiasi gani kwa wiki hadi siku ya safari?

Jibu la chini kabisa ndilo linalokuwa kiwango cha kundi. Halitajwi ni la nani. Mwenye uwezo zaidi anaweza kumnunulia bi harusi zawadi yake binafsi, lakini bajeti ya pamoja haimfuati yeye.

Baada ya hapo ndipo mji unachaguliwa. Kwa kundi hili, Pangani inafaa. Ni mji mkongwe uliopo mdomoni mwa Mto Pangani, takribani kilomita 50 kusini mwa Tanga. Nyumba za wageni za mjini kwa kawaida ni nafuu kuliko hoteli za ufukweni za Ushongo, ng'ambo ya mto. Wenye moyo wa kutembea wana majengo ya kale ya kutazama na historia ya Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapo Desemba 1889.

Wikendi ya mfanyabiashara huanza Jumapili

Kosa linalogharimu sana ni kuiga wikendi ya mtu wa ofisini. Ijumaa hadi Jumapili ni siku ambazo wenye mishahara hujaa ufukweni, na kwa wauzaji wengi Jumamosi ndiyo siku ya mauzo makubwa. Mwanamke anayefunga meza yake Jumamosi analipia safari mara mbili: anachotoa mfukoni na asichouza.

Kundi hili liuze Jumamosi, livuke mpaka Jumapili asubuhi, likutane Tanga alasiri na kulala Pangani. Jumatatu iwe ya bahari. Jumanne asubuhi kila mtu arudi kwake. Usiku wa Jumapili na Jumatatu vyumba huwa vingi, na mwenye vyumba vitupu hukubali kupunguza bei akiombwa mapema.

Msimu nao una bei yake. Desemba ni ghali kila mahali. Aprili na Mei ni masika: vyumba hushuka bei, lakini mvua ni nyingi, bahari huchafuka na baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa. Septemba na Oktoba, kusi ikipoa na vuli haijashika, huwa ni muda mzuri. Kwa mji wenye Waislamu wengi, kundi liangalie pia mwezi wa Ramadhani kabla ya kuweka tarehe.

Hesabu yenyewe

Bei zifuatazo ni za mfano wa kupigia hesabu. Kila kundi liweke zake baada ya kupiga simu kwa wenye vyumba na wenye boti.

Vyumba vitatu, watu wawili kila chumba, kwa usiku mbili: vikiwa Sh40,000 za Tanzania kila kimoja, ni Sh240,000. Chakula na vinywaji kwa siku zote, Sh210,000. Boti na viingilio, Sh180,000. Gari la pamoja Tanga hadi Pangani kwenda na kurudi, Sh90,000. Khanga za sare, Sh75,000. Hina, keki na mapambo, Sh45,000. Jumla ni Sh840,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, Sh84,000, inakuwa Sh924,000.

Bi harusi halipi. Watano waliobaki wanatoa Sh184,800 kila mmoja. Kwa wiki 12, ni Sh15,400 kwa wiki, sawa na Sh2,200 kwa siku. Kwa aliye Mombasa, shilingi 1 ya Kenya ikibadilishwa kwa 19 za Tanzania, ni kama KSh810 kwa wiki.

Mmoja akijitoa siku tatu kabla, gari ni lile lile, boti ni ile ile na malipo ya awali ya vyumba hayarudi. Bajeti isipopunguzwa, wanne wanaobaki watatoa Sh231,000 kila mmoja, nyongeza ya Sh46,200. Ndiyo maana kundi likubaliane mapema, kwa maandishi kwenye WhatsApp: hadi wiki ya sita anayejitoa anarudishiwa chake, baada ya hapo fedha inabaki.

Nauli ya kufika Tanga nayo isifichwe. Wa Mombasa wana safari ndefu kuliko wenzao. Ama nauli zote ziingie kwenye mfuko mmoja, ama kila mtu ajue tangu mwanzo kwamba anajilipia hadi Tanga. Wasilijue mpakani.

Michango ikusanywe kwa sarafu ya mahali fedha itakapotumika. Kila inapobadilishwa, anayebadilisha anakata chake. Wa Mombasa mwenye shilingi za Tanzania kutokana na faida ya mauzo yake azitumie hizo. Mwenye chumba akitaja bei kwa dola, mwananchi anayo haki ya kukataa: tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Mpakani, sherehe na mzigo visichanganywe

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, lakini haikufuta hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa kuanzia 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa hiyo wa Mombasa wanaokwenda Pangani wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkobani.

Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa upande anaoingia. Hakuna sababu ya kupita njia ya panya kwa bodaboda ili kuokoa saa moja. Asiyegongewa muhuri yuko nchini kinyume cha sheria, na akikutwa hivyo Jumatatu, akiba yote ya dharura itaishia kwenye faini.

Wazoefu wa mpaka wana kishawishi kingine, cha kubeba mzigo kidogo ili safari ijilipe. Anayetaka kufanya hivyo autangaze. Utaratibu rahisi wa forodha unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, zikiwa na cheti rahisi cha uasilia. Mzigo ukifichwa kati ya nguo za sherehe, watakaosubiri kaunta ni wote waliomo kwenye gari.

Zawadi nazo ni hivyo hivyo. Sufuria mpya sita ndani ya maboksi hazionekani kama zawadi machoni mwa ofisa wa forodha. Ni busara kuzinunua upande anakoishi bi harusi. Na kila mtu akague begi lake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019.

Furaha isiyo na bei kubwa

Fulana zilizochapishwa jina huvaliwa siku moja. Khanga hudumu. Doti moja ina vipande viwili vyenye jina moja, kwa hiyo doti tatu zinawatosha sita. Kila doti igawanywe kati ya wa Mombasa na wa Tanga, ili jina moja likae nyumba mbili, pande mbili za mpaka. Khanga hiyo hiyo inasitiri mjini, kwa kuwa Pangani si mji wa kupita mitaani na nguo za kuogelea.

Usiku wa kwanza uwe wa hina. Mpakaji wa mjini aitwe nyumbani, bi harusi apakwe mikono na miguu, na aliye mkubwa kati yao azungumze naye. Chakula cha Jumatatu kinunuliwe dikoni samaki wanaposhushwa, na mpishi wa mtaani alipwe kukipika kwa nazi.

Safari ya Maziwe ndiyo ya kukumbukwa, na ndiyo inayohitaji umakini. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti ambacho kasa walitagia. Sasa ni fungu la mchanga ndani ya hifadhi ya bahari, na maji yakijaa linafunikwa. Nahodha aulizwe saa za maji kupwa kabla tarehe haijawekwa, si asubuhi ya safari. Aulizwe pia kama kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei yake, na majaketi okozi yahesabiwe kabla ya kupanda: watu sita, sita. Bahari ikichafuka, safari ifutwe na fedha irudi. Hilo likubaliwe kabla ya kulipa.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Kijumbe aandike kila kinachotoka, na jioni ya Jumatatu asome hesabu mbele ya wote kabla ya keki. Kilichobaki cha dharura apewe bi harusi mkononi, akaanzie maisha.

Jumanne mchana wanaagana Tanga. Jumatano alfajiri simu za mzigo zinaanza kuita, na fedha ya mzigo ipo.