Je, Wajua? Ng'ombe Anapokata Kiungo

Je, wajua kwamba jina Mubambiro hupita kwenye kiungo cha tovuti bila kuguswa hata herufi moja? Mahali hapa pa Masisi, jirani na Sake, jina lake lina herufi za a hadi z tu. Kanuni ya anwani za intaneti, RFC 3986 ya Januari 2005, huziacha zipite kama zilivyo herufi hizo, tarakimu, na alama nne: kistari, nukta, kistari cha chini na kiwimbi (~). Kwa hiyo hata jina la mkoa, Nord-Kivu, hupita salama.

Linalosumbua ni jina la nchi. "République démocratique du Congo" lina é mbili, na kila moja husafiri kama %C3%A9, yaani baiti mbili za UTF-8. Nafasi huwa %20. Ukinakili kiungo cha namna hiyo na kukituma kwa simu, mwenzio atadhani kimeharibika. Hakijaharibika, akibonyeze tu.

Tuje kwa ng'ombe, ambao pamoja na jibini ndio sifa ya Masisi. Mtengeneza tovuti akiandika href='/ng'ombe', kivinjari huichukua ritifaa kuwa mwisho wa anwani, na msomaji hupelekwa kwenye /ng, ambako hakuna kitu. Dawa ni kuizungushia anwani alama za kunukuu za jozi, href="/ng'ombe", au kuandika ng%27ombe. Kwa lugha yenye ng'ambo, ng'oa na ng'ara, mimi naona alama za jozi ziwe desturi.

Yenye hila zaidi ni &. Katika ?eneo=Masisi&Walikale, seva husoma kwamba eneo ni Masisi peke yake; Walikale huhesabiwa kuwa kipengele kingine. & iliyo sehemu ya jina huandikwa %26. Ile inayotenganisha vipengele huandikwa & ndani ya HTML, nacho kivinjari huirudisha kuwa & kabla ya kuituma. Asiyefanya hivyo, akaonyesha anwani yenye ®ion=Masisi katikati ya maandishi, atakuta ukurasani ®ion=Masisi, kwa sababu ® katika HTML ni jina la alama ya ®.

Na % yenyewe? Ni %25. Ndiyo maana anwani iliyokwisha kubadilishwa haibadilishwi tena: %20 itageuka %2520, na ukurasa hautapatikana.