Je, Wajua? Bendi iliyopewa jina la mtu asiyekuwemo
Fleetwood Mac ilipoanzishwa London mwaka 1967, nusu ya jina lake ilikuwa ya mtu ambaye hajajiunga. Mpiga gitaa Peter Green alimtaka John McVie apige besi, akalitumia jina lake kama chambo. McVie akanasa baada ya muda mfupi.

Enzi hizo walipiga bluzi tupu. Januari 1969 walirekodi Chicago, katika studio ya Chess, bega kwa bega na magwiji Willie Dixon na Otis Spann.

Albamu yao Rumours ya 1977, iliyouza zaidi ya nakala milioni 40, ina bluzi ya kutafuta kwa tochi.

Na "Black Magic Woman", ambao wengi huapa ni wa Santana? Ni utunzi wa Green, wa 1968.