Mbunge wetu alimuuliza nani?

Mwezi wa kwanza, wakati wa likizo ya bunge, mbunge mmoja alifika kutusalimia katika mojawapo ya parokia zetu. Baada ya mahubiri alipewa nafasi ya kusema. Alitoa mabati ya kuezeka nyumba ya shirika la akina mama, kwaya ikaimba, watu wakapiga vigelegele. Kisha mama mmoja mzee akainua mkono: «Papa mheshimiwa, asante kwa mabati. Lakini ile sentre de sante iliyoachwa ukuta ukiwa kwenye madirisha, kule Kinshasa ulimuuliza nani?» Kanisa likanyamaza. Mheshimiwa akasema atafuatilia, na matangazo yakaendelea.

Tangu siku hiyo waamini wengi wametuuliza kama yule mama alikosa adabu. Hapana. Aliuliza jambo ambalo Katiba yetu ya 2006 inaliweka katikati ya kazi ya mbunge, na sisi wachungaji tungepaswa kuwa tumelifundisha zamani.

Mbunge hajengi barabara. Hana sanduku la serikali la kujengea masomo wala hospitali. Mabati anayoleta yanatoka mfukoni mwake, na ni zawadi kama zawadi ya mtu mwingine yeyote. Kazi aliyotumwa inasemwa katika kifungu cha 100: kupiga kura juu ya sheria, na kuchunguza serikali, mashirika ya serikali na huduma zake. Neno hilo la pili ndilo tunalosahau. Tunampima mbunge kwa vitu alivyogawa, na yeye akijua tunampima hivyo, atagawa vitu.

Njia za kuchunguza ziko katika kifungu cha 138. Mbunge anaweza kuuliza swali la maandishi: anaandika, waziri anajibu kwa maandishi. Anaweza kuuliza kwa mdomo, kukiwa na mjadala au bila mjadala, waziri akisimama mbele ya wabunge wote. Kuna swali la mambo ya sasa, kwa jambo lililotokea juzi na ambalo haliwezi kungoja. Kuna kumwita waziri ajieleze, kile ambacho redio zetu zinaita interpelasio; hapa mbunge hatafuti habari tu, anamdai waziri hesabu ya matendo yake. Halafu kuna kamati ya uchunguzi, na kuna kumsikiliza kiongozi ndani ya kamati ya bunge. Hayo yote hayawahusu mawaziri peke yao. Wakubwa wa REGIDESO, wa SNEL, wa Ofisi ya Barabara, wanaweza kuitwa vilevile. Maseneta nao wanaweza kuuliza, ila wao hawawezi kuiangusha serikali.

Kuangusha ndiko tunakopenda kusikia. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 500, sahihi za 50 zinatosha kuanzisha hoja ya kumwondoa waziri mmoja, na 125 kwa serikali nzima. Kura haiwezi kupigwa kabla ya saa 48 kupita. Januari 2021 tuliona waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba akiangushwa kwa njia hiyo. Lakini siku ile hakuna kijiji kilichopata maji kwa sababu ya kura hiyo. Yalikuwa mambo ya nguvu kati ya wakubwa. Tunasema hivi bila kumdharau mtu: hoja nyingi za kuangusha zinaanza kwa kelele na kuisha kimya, na huku chini hatujui ziliishia wapi. Swali la maandishi halina kelele. Halipigiwi makofi. Lakini linaacha karatasi, na karatasi unaweza kurudi nayo mwaka unaofuata.

Wengi wetu tunakumbuka RAM, ile pesa iliyokuwa ikikatwa kwenye unite za simu zetu tangu 2020. Kila mtu alilalamika, kwenye basi, sokoni, hata kwenye vikao vya mashemasi. Malalamiko yalibaki malalamiko. Mwaka 2021 mbunge mmoja alimpeleka waziri wa posta na simu mbele ya Bunge kwa swali la mdomo: pesa ile imewekwa kwa sheria gani, inaingia wapi, inafanya nini? Majibu hayakuwatosheleza wabunge, na mjadala ukatoka bungeni ukaingia kila nyumba. Mwanzoni mwa 2022 RAM ikafutwa. Hatusemi swali moja lilifanya yote. Hasira ya watu ilikuwa kubwa. Lakini hasira ile ilipata mlango wa kupitia.

Sasa turudi kwa neno la mama: ulimuuliza *nani*? Hapa ndipo makosa mengi yanatokea. Tunamwandikia mbunge wa taifa juu ya daraja la kijiji, na tunamlilia shefu wa gurupema juu ya barabara kuu ya taifa. Barabara namba 5 inayoshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira, au namba 4 inayotoka Beni kwenda Kisangani, ni mambo ya serikali ya Kinshasa: Wizara, Ofisi ya Barabara, na FONER, mfuko unaokusanya pesa kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya peaje. Hapo mbunge wa taifa ndiye mwenye swali. Huduma za jimbo zina mlango mwingine: bunge la jimbo, ambalo kwa kifungu cha 197 linachunguza serikali ya jimbo na huduma za jimbo na za chini. Gavana na mawaziri wake wanaweza kuulizwa kama wale wa Kinshasa, na kuondolewa kwa taratibu hiyohiyo. Chini zaidi kuna mji, komini, sekta na sheferi, kila moja ikiwa na bajeti yake. Teritware ambayo tunaitaja kila siku haimo katika hesabu hiyo. Msimamizi wake anawakilisha serikali ya juu, hana baraza lililochaguliwa la kumuuliza.

Mwaka 2022 ulianza mpango wa maendeleo ya teritware 145: masomo, vituo vya afya na nyumba za utawala kwanza, kisha barabara za mashambani, maji na umeme. Kazi iligawanywa kwa mashirika matatu, yaani BCeCo, CFEF na PNUD. Jengo lililoachwa kwenye madirisha ni la mpango huo. Basi mbunge akisimama na kusema «watu wangu wanateseka, serikali ifanye kitu», waziri atajibu kwamba serikali inajua mateso ya watu na mpango unaendelea, na wote wataketi. Lakini akiuliza: teritware yetu iko chini ya shirika gani kati ya hayo matatu, kampuni gani ilipewa kazi ya kituo hiki, ililipwa awamu ngapi na lini, nani alipokea kazi na kutia sahihi, tarehe mpya ya kumaliza ni ipi? Hapo waziri hana pa kujificha isipokuwa kwenye kimya, na kimya nacho kinaandikwa.

Ni vilevile kwa peaje. Usiulize kwa nini barabara ni mbaya. Mvua itapewa kosa. Uliza kizuizi hiki kilikusanya pesa ngapi mwaka jana, na ngapi zilirudi kwenye barabara hii.

Wakati nao una maana. Bunge la Taifa linakaa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Kikao cha Septemba ni cha bajeti, na mradi wa bajeti unapaswa kufika bungeni tarehe 15 Septemba isipite. Swali juu ya kituo cha afya likiulizwa Oktoba lina uzito kuliko likiulizwa Mei, kwa sababu waziri yule anayeulizwa ndiye anayeomba pesa za mwaka unaokuja. Parokia inayotaka mbunge wake aulize Oktoba haiwezi kuanza kukusanya habari mwezi huohuo.

Tunajua wasomaji wetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri watasema: haya ni maneno mazuri kwa watu wengine. Ni kweli. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi iliwaweka magavana wa kijeshi na kusimamisha mabunge ya majimbo hayo mawili. Mlango wa jimbo ukafungwa, na mzigo wote ukabaki mabegani mwa wabunge wa taifa. Isitoshe, uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi na Rutshuru, na mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma na Bukavu. Palipo hivyo hatutamwambia mtu ahatarishe maisha yake kwa karatasi. Tunaomba tu kitu kimoja, na hiki kinawezekana hata gizani: kuandika. Kituo kipi kimefungwa, tangu tarehe gani, walimu wangapi hawapati mshahara, kisima kipi kimeharibika. Siku mlango utakapofunguka, mwenye daftari ndiye atakayesikilizwa.

Kuna watu kanisani wanaosema haya ni siasa, mchungaji abaki kwenye Biblia. Tuwapeleke basi kwenye Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakubwa na mkutano wote, wakauliza juu ya fungu la ardhi la baba yao. Tazameni walivyofanya: walienda kwa mwenye uwezo wa kujibu, hadharani, wakataja jina la baba yao, sababu, na kile wanachotaka. Musa hakuwafukuza wala hakubahatisha jibu. Aliipeleka habari yao mbele za Bwana. Na jibu lilipotoka likawa sheria kwa Israeli yote, si kwa nyumba yao peke yake.

Tena tuseme ukweli ambao hautufurahishi. Sisi Waprotestanti tunasimamia masomo mengi kwa makubaliano na serikali tangu 1977, na zahanati nyingi. Tukimfundisha mbunge kuuliza, ipo siku atauliza na kwetu: tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, wazazi wanatozwa nini bado, na kwa jina la nani? Orodha ya walimu tuliyoipeleka DINACOPE, ambayo wengi bado wanaiita SECOPE, ina majina ya watu wanaofundisha kweli? Ofisi zetu za masomo zingefanya vizuri kuwa na majibu hayo kabla ya kuulizwa.

Mbunge asipouliza, raia wana haki yao. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kumwandikia kiongozi ombi, na kiongozi anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hakuna ada, hakuna haja ya wakili. Andika kwa adabu, jambo moja kwa barua moja, weka majina na sahihi, na usiondoke ofisini bila nakala yako iliyopigwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa.

Yule mama mzee na wenzake wamefanya hivyo. Walipima ukuta kwa kamba, wakaandika jina la kampuni lililokuwa kwenye kibao, wakahesabu wanawake waliojifungulia njiani tangu kazi iliposimama, wakakusanya sahihi na alama za vidole. Barua moja ilipelekwa kwenye ofisi inayohusika, nakala kwa mbunge, ambaye, tuseme haki yake, ameahidi kuigeuza kuwa swali la maandishi. Muhuri wa kupokelewa ni wa tarehe 8 Juni. Miezi mitatu inaisha tarehe 8 Septemba, wiki moja kabla ya kikao cha bajeti kufunguliwa. Nakala iko ndani ya sanduku la mweka hazina wa parokia, pamoja na daftari la sadaka.