"Kuzibua mshipa" na "kurejesha damu"

Katika matini za Kiswahili kuhusu tiba ya dharura ya mshtuko wa moyo, vitenzi zibua na rejesha huchukuliwa mara nyingi kuwa visawe. Si visawe, na tofauti yao ina uzito kwa mgonjwa.

Mshtuko wa moyo aghalabu hutokea damu inapoganda ndani ya ateri inayolisha msuli wa moyo na kuiziba. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na sehemu iliyokufa haioti tena. Kwa hiyo madaktari hupitisha mrija mwembamba wenye puto hadi palipoziba. Panapotarajiwa ucheleweshaji wa zaidi ya dakika 120, hutoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikiwa hakuna kizuizi cha kuitumia.

Zibua ni kauli ya kutendua ya ziba, kama fungua ilivyo kwa funga. Maana yake hukoma njia inapokuwa wazi. Haisemi lolote kuhusu kinachopita humo. Hapo ndipo penye mtego. Madaktari hukutana na wagonjwa ambao ateri yao kubwa imezibuka, lakini damu haiufikii msuli ipasavyo kwa kuwa mishipa midogo iliyo mbele imevimba, imebanwa au imejaa vipande vya damu iliyoganda. Mtiririko ndani ya ateri hupimwa kwa daraja za 0 hadi 3, na hata daraja la 3 halithibitishi kwamba msuli wote umepata damu. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, "mshipa umezibuliwa" ni kweli. "Damu imerejea kwenye msuli" si kweli.

Rejesha, kauli ya kutendesha ya rejea, humlazimu mwandishi kutaja kinachorejeshwa na kinakorejeshwa. Basi lengo la tiba liandikwe "kurejesha mtiririko wa damu kwenye msuli wa moyo". "Mzunguko wa damu" haufai hapa, kwani ni wa mwili mzima. Mshipa nao ni neno pana mno: ni ateri, ni vena, na kwa wasemaji wengi hata neva. Katika fomu ya ridhaa, ateri ni bora.

Kosa zito zaidi ni kuandika kwamba aspirini "huyeyusha" damu iliyoganda. Aspirini huzuia chembe sahani zisishikamane, haizibui ateri. Msomaji wa kipeperushi chenye kitenzi hicho anaweza kumeza kidonge, akajilaza nyumbani akisubiri kizibo kiyeyuke, huku msuli ukiendelea kufa.